Beki Hafungi, Hufungisha: Uhakiki wa Mjadala wa Mashabiki wa Buyenzi

Mwezi Agosti 2024 mitaa ya Bujumbura ilikuwa na mazungumzo mawili: petroli na mabeki wa Vital'O. Ya petroli yalikuwa mafupi kwa sababu hapakuwa na la kubishania, haikuwepo. Magari yalilala kwenye foleni, wenye magari wakakaa vivulini, na wanaume wanaokaa kivulini muda mrefu hawana budi kuishia kwenye mpira.

Tarehe 17 ya mwezi huo Vital'O, mabingwa wa Burundi, walicheza na Young Africans katika raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika wakafungwa 4-0. Tarehe 24 wakafungwa 6-0. Mabao 10 kwa mechi mbili, na sisi hatukupata hata lile la kufutia machozi. Mechi zote zilichezwa Dar es Salaam, pamoja na ile ya kwanza ambayo kwa maandishi ilikuwa ya nyumbani kwetu, kwa kuwa hapa hatukuwa na uwanja ulioidhinishwa na CAF kwa michuano hiyo. Kwa hiyo watu wa Buyenzi waliitazama timu yao ikiwa "nyumbani" kupitia runinga, kwa sauti ya mtangazaji wa Tanzania ambaye kila bao lilimpandisha furaha.

Katika ligala letu, karibu na magereji, mjadala ulianza kabla ya filimbi ya mwisho ukaendelea kwa wiki kadhaa. Niliufuatilia kama shabiki, na baadaye kama mwanafunzi wa Kiswahili. Makala hii inauhakiki mjadala huo kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote ya fasihi simulizi. Ina fanani, ina hadhira inayodakia na kugeuka fanani, ina fomula zake, ina methali, ina lakabu. Wenzangu wengi tunapoandika juu ya mambo ya mtaani huwa tunaishia kusifu: tazameni wananchi wanavyoisanifu lugha! Nami nitasifu, maana kuna ya kusifiwa. Lakini uhakiki ni mizani, na nilichokiona baada ya kuuweka mjadala huu kwenye mizani ni kwamba lugha yake inamhukumu beki kabla ya ushahidi kusikilizwa. Hukumu imo ndani ya vitenzi vyenyewe.

Nianze na hivyo vitenzi. Mshambuliaji kafunga. Kitenzi ni chake, kiko katika kauli ya kutenda, na bao ni mali yake. Timu ikishinda, nafsi inahama: tumefunga, tumeshinda, tumewatandika. Mtu ambaye alikuwa amelala chini ya gari akifungua boliti saa ile ya bao naye anasema "tumefunga". Sasa timu ifungwe. Siku ya kwanza bado nilisikia "tumefungwa", kwa huzuni ya pamoja kama ya msibani. Kufikia siku ya tatu nafsi ya kwanza wingi ilikuwa imetoweka na badala yake ikaja "wamefungwa". (Mzee mmoja aliyekulia Uvira husema "banafungwa", na nikiandika hivyo kwenye mtihani nitapakwa wino mwekundu, lakini maana ni ile ile: wao, si sisi.) Wiki ilipokwisha hata "wamefungwa" haikutosha. Kikaja kitenzi cha tatu: "beki kafungisha".

Hapa sarufi inasema mengi kuliko wasemaji wanavyodhani. Kiambishi cha kutendesha kinamgeuza aliyeshindwa kuzuia kuwa aliyesababisha. Mshambuliaji wa Yanga, ambaye ndiye aliyepiga mpira, anatoka kwenye sentensi kabisa. Anabaki beki wetu na wavu wetu. Katika Buyenzi ile ile shehe hufungisha ndoa na watu humshukuru na kumlisha pilau. Beki hufungisha mabao, na nisingependa kuandika hapa anacholishwa. Kuna neno la kutaja mabao aliyofunga mtu, nalo kila mtu analijua. La mabao aliyoyazuia mtu hakuna. Tunasema "kaokoa", lakini hilo ni tukio moja, mguu uliotokea ghafla mstarini. Beki aliyesimama mahali pazuri hata pasi ikakosa pa kupita, mshambuliaji akageuka na kurudisha mpira nyuma, huyo hana kitenzi. Ligala zima halikuwa na namna ya kumsema, na asiyesemeka haonekani.

Neno lenyewe "mlinzi", ambalo vitabu vyetu hulipendelea kuliko "beki", linafaa zaidi kwa jambo hili kuliko waliolichagua walivyokusudia. Bujumbura kila mwenye nyumba ya maana ana zamu langoni. Zamu anakesha usiku mia tatu, mwizi haji, na hakuna asubuhi hata moja anapoambiwa asante kwa mwizi ambaye hakuja. Usiku mmoja mwizi akiruka ukuta wa nyuma, swali la kwanza ni "zamu alikuwa wapi?" na la pili ni kama alikuwa amekula njama na mwizi.

Swali hilo la pili ndilo lililonifanya niandike. Baada ya zile 6-0 fomula iliyotawala ligala ilikuwa "beki wametuuza". Wengi walioitamka hawakumaanisha kwamba kuna aliyepokea pesa. Kuuza mechi, katika Kiswahili cha mpira, kunaweza kumaanisha uzembe tu: kapoteza mpira eneo la hatari, kauza. Ila neno ni moja kwa makosa na kwa usaliti, na msikilizaji ndiye anayechagua. Nilimwona kijana mmoja akichagua. Alianza Jumatatu kwa kusema wameuza kwa maana ya uzembe. Alhamisi alikuwa tayari anajua ni kiasi gani walipewa. Hakuna aliyemletea habari mpya kati ya siku hizo. Alichokuwa nacho ni neno tu, na neno lilimpeleka lenyewe. Tusidhani ni mchezo. Andrés Escobar, beki wa Kolombia, alijifunga dhidi ya Marekani katika Kombe la Dunia la 1994, akarudi kwao Medellín, na tarehe 2 Julai akapigwa risasi akafa. Sisemi Buyenzi kuna mwenye bastola kwa ajili ya Vital'O. Ninasema njia kutoka "kakosea" hadi "katuuza" ni fupi, na Kiswahili chetu cha ligalani kimeilainisha kwa neno moja.

Methali ilikuwepo pia, na ilirudiwa mpaka ikachosha: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni rahisi kuona kwa nini ilipendwa. Ukuta ndio sitiari ya kawaida ya safu ya ulinzi, na mabeki wetu walikuwa na nyufa. Fanani aliyeitoa mara ya kwanza alishangiliwa, na kwa haki, maana aliitoa kwa wakati wake. Lakini tuisome methali tuliyoishangilia. Je, inamlaumu nani? Ukuta haulaumiwi. Anayelaumiwa ni mwenye nyumba aliyeuona ufa mdogo akapita, akauona umekua akapita, mpaka ukuta ukaanguka akalazimika kujenga upya. Tukiitumia sawasawa, methali hiyo inatoka kwa mabeki na kwenda kwa wanaoisajili timu, wanaoiandaa, wanaoendesha soka ya nchi ambayo wakati ule haikuwa na uwanja wa kuchezea mechi ya Afrika. Ligala liliichukua picha likaiacha maana. Huo ndio udhaifu mkubwa wa kisanaa niliouona katika mjadala huu, na inashangaza kwa watu ambao siku nyingine hawakosei methali.

Mhakiki hawezi kuishia kwenye maneno tu ilhali maneno hayo yanadai kueleza jambo lililotokea uwanjani. Hoja kuu ya ligala ilikuwa hii: Yanga walifunga 10 kwa sababu mabeki wa Vital'O hawafai. Hoja ya namna hiyo inapimwa kwa kuwatazama wengine waliopita mbele ya Yanga ile ile. Tarehe 28 Julai 2024 Yanga waliifunga Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini 4-0, tena Afrika Kusini kwenyewe. Tarehe 11 Agosti, siku sita kabla ya kukutana nasi, waliifunga Azam 4-1 katika Ngao ya Jamii. Na Azam ni timu yenye fedha, uwanja wake mwenyewe na mabeki waliosajiliwa kutoka nchi mbalimbali. Baada yetu ikaja zamu ya CBE ya Ethiopia, raundi iliyofuata: mechi ya pili, Zanzibar, Yanga walifunga 6-0. Nne, nne, nne, sita, sita. Mtu akizitaja namba hizi kwa mfululizo, mabeki wetu wanaacha kuwa kioja. Wanakuwa watu waliosimama barabarani lori lilipokuwa linashuka.

Nilizitaja ligalani. Nilijibiwa kwamba Azam wao walipata bao moja. Jibu hilo lina haki yake, nami nalikubali: Azam walifungwa nne wakiwa wanacheza mpira, sisi tulifungwa nne tukiwa tunakimbia nyuma ya mpira. Tena katika mchezo wa kwanza tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma kwa bao moja tu, na matatu yakaja kipindi cha pili. Hili lilipaswa kuwa kiini cha mjadala. Safu inayofungwa moja kwa dakika arobaini na tano kisha matatu kwa arobaini na tano nyingine ina tatizo la pumzi, au la viungo waliochoka wakaacha mlango wazi mbele ya mabeki, au yote mawili. Ukumbuke Yanga walikuja wakiwa na mechi kadhaa ngumu miguuni, wametoka Afrika Kusini, wametoka kwa Simba, wametoka kwa Azam. Sisi msimu wetu haukuwa umechanganya. Beki anayekutana na Prince Dube na Clatous Chama akiwa bado na miguu ya likizo hahitaji kuwa msaliti ili apitwe.

Mabeki walikosea, hilo sikatai, na sitaki makala hii isomwe kama ombi la msamaha. Uhakiki unaomtetea mtu kwa kila kitu una kasoro ile ile ya unaomlaumu kwa kila kitu. Niliona kwa macho yangu beki wa pembeni akipanda na mpira, akaupoteza, akarudi akitembea. Niliona mabeki wawili wa kati wakiinua mikono kumwomba mshika kibendera awaokoe badala ya kukimbia. Mashabiki waliyaona pia, na wapo walioyaeleza vizuri.

Mmoja wao ndiye mhakiki bora niliyemsikia mwaka ule, pamoja na wale wanaolipwa kuzungumza kwenye redio. Ni fundi wa magari wa makamo ambaye hupenda kukaa kimya. Siku ya tano, mabishano yakiwa yameshapanda, alitandika spana chini kwenye mchanga wenye mafuta. Spana nne ndogo zikawa mabeki, tatu kubwa kidogo viungo. Akauliza: "Huyu wa kulia akipanda, nani anakaa hapa?" Akaonyesha pengo. Watu wakasema beki wa kati asogee. Akaisogeza spana. "Sasa hapa katikati nani?" Wakasema kiungo ashuke. Akaishusha ile spana kubwa, kisha akanyamaza kidogo na kuuliza, "Huyu kiungo jana alishuka mara ngapi?" Hakuna aliyejibu kwa sababu hakuna aliyekuwa amemtazama kiungo. Tulikuwa tumeutazama mpira, na mpira kila mara uliishia kwa beki.

Angalieni lugha yake. Hakutumia "kafungisha", hakutumia "kauza", hakutumia methali. Alitumia viwakilishi vionyeshi tu, huyu, hapa, na swali la nani. Kwa vigezo tunavyofundishwa vya umbuji wa fanani, alikuwa na maksi chache: hana tamathali, hana mbwembwe, sauti yake ndogo. Na dakika kumi baadaye fanani mwenye sauti kubwa alirudi na "ukuta wa makuti", ligala likacheka, spana zikakusanywa kurudi kazini. Kama tunataka kuihakiki fasihi ya mtaani kwa uaminifu inabidi tukubali kwamba hadhira ile ilikuwa na uchambuzi mkononi ikachagua kichekesho. Mimi pia nilicheka.

Sehemu ya tatizo ni kumbukumbu. Vital'O ni timu yenye historia ambayo timu nyingi za ukanda huu hazina. Mwaka 1992 ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikatoka sare 1-1 na Africa Sports hapa Bujumbura kabla ya kufungwa 4-0 Abidjan. (Nne tena. Hakuna anayesema mabeki wa 1992 waliuza. Miaka zaidi ya thelathini imewasafisha.) Mwaka 2013 ilitwaa Kombe la Kagame nchini Sudan kwa kuifunga APR ya Rwanda 2-0 katika fainali. Wazee wa ligala huizungumzia miaka hiyo kwa majina, na niliyahesabu majina yao. Anatajwa Amissi Tambwe, aliyetoka katika kikosi cha 2013 akaenda Simba na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania. Anatajwa Saidi Ntibazonkiza, aliyeanzia Vital'O na miaka mingi baadaye akavaa jezi za Yanga na Simba. Wanatajwa wafungaji, wafungaji, na kocha mmoja au wawili. Niliuliza: ile sifuri ya APR katika fainali, walioilinda ni akina nani? Mzee mmoja alitaja jina la kipa. Mwingine alimrekebisha, ikawa ubishi, kisha wakarudi kwa Tambwe.

Timu ya taifa nayo ni hivyo hivyo. Ili kufika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019, Burundi ilicheza mechi sita za kundi dhidi ya Mali, Gabon na Sudan Kusini bila kupoteza hata moja. Mbili ilishinda, nne ikatoka sare, na sare nne kati ya mechi sita ni hesabu ya mabeki. Tunachokumbuka ni mabao ya Fiston Abdul Razak. Katika sare ya 1-1 na Gabon iliyotupeleka Misri tunakumbuka Cédric Amissi aliyefunga, halafu beki wetu aliyejifunga. Na kule Misri tulifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagaska, 2-0 na Guinea: mabao manne kwa mechi tatu, timu ngeni kabisa katika mashindano hayo, na mechi ya Guinea tuliicheza sehemu kubwa tukiwa kumi baada ya kadi nyekundu ya mapema. Nijuavyo mimi, tatizo la timu iliyofungwa manne na kufunga sifuri liko upande wa sifuri. Lakini nenda kaulize ligalani ni nani aliyetuangusha Misri. Utapewa jina la beki aliyepata ile kadi.

Limebaki jambo moja ambalo ningeliruka kama lisingekuwa sehemu ya ushahidi. Katika timu ya mtaa wetu kulikuwa na beki wa kulia, mdogo kwangu kwa miaka mitatu. Mechi moja alipitwa mara mbili upande ule ule, na mtu mmoja pembeni ya uwanja akapaza sauti: "Hapo ni uchochoro, piteni!" Watu walicheka sana. Kufikia jioni lilikuwa jina lake. Lakabu katika fasihi tunaambiwa ina kazi ya kumtambulisha mhusika kwa sifa yake kuu. Haielezwi vya kutosha kwamba mhusika akishapewa jina, kila anachofanya baadaye kinasomwa kupitia jina hilo. Akicheza vizuri mechi tano hakuna anayeziona, maana hazikubaliani na jina. Akipitwa mara moja, si ndiyo Uchochoro huyo! Msimu uliofuata hakujiandikisha. Sasa anauza vocha karibu na soko, na wateja wengine, wasiojua asili yake, humwita Uchochoro wakidhani ni jina la duka.

Aliyepaza sauti siku ile nilikuwa mimi. Nilijivunia lile neno kwa muda mrefu, kwa sababu lilikuwa zuri: fupi, la papo hapo, lenye picha kamili. Hata leo nikilihakiki kama neno tu, ningelipa maksi.

Wiki iliyopita nilipita kununua vocha. Redio yake ilikuwa inatangaza mechi, na beki wa timu fulani alikuwa amekata mpira uliokuwa unaelekea kwa mshambuliaji aliye peke yake. Mtangazaji alikuwa tayari anasimulia shambulizi la upande wa pili. Yeye alishusha sauti ya redio, akasema, "Umesikia huyo alivyojipanga?" Nikasema sikusikia. Akaanza kunieleza, kwa kutumia vocha alizozitandika juu ya meza, nani alikuwa wapi.